Barua Hamsini kwa Dakika Nne

Mwaka 1990, kwa mtu aliyetuma baruapepe kwa laini ya simu, gharama ilikuwa dakika. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 kila sekunde, hivyo ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua sekunde 8 na kidogo. Ukibanwa hadi nusu, sekunde 4. Faksi ilitumia karibu dakika nzima kwa ukurasa huohuo.

Kilichokula pesa hasa ni kupiga simu yenyewe. Tuchukulie kwamba modemu mbili zinahitaji sekunde 40 kutambuana na kukubaliana kasi. Barua 50, kila moja ikipigiwa simu yake, zinamaliza sekunde 2,200, karibu dakika 37. Zifunge pamoja, piga simu moja: sekunde 240, yaani dakika 4. Unafuu ni wa mara tisa, na anachotakiwa kutoa mwandishi wa barua ni subira.

FidoNet, mtandao wa kompyuta zilizopigiana simu, ilijengwa juu ya hesabu hiyo. Tom Jennings aliianzisha San Francisco mwaka 1984 kwa vituo viwili. Katikati ya miaka ya 1990 vilikuwa zaidi ya 30,000, vingi vikiwa kompyuta za watu binafsi, na bili ya simu ililipwa na mwenye kituo. Ndiyo maana walipigiana usiku wa manane, simu zikiwa nafuu.

Tatizo ni kwamba FidoNet na Intaneti hazikuelewana hata kwa anwani. Kituo kilichoandikwa 1:2/3 upande mmoja kilipaswa kuwa f3.n2.z1.fidonet.org upande wa pili. Kazi hiyo ilifanywa na malango: kompyuta zenye mguu huku na mguu kule, zikipokea barua, zikibadilisha anwani na kuzisukuma mbele. Wengi wa waliozitunza walijitolea, na nawahesabu miongoni mwa waliolijengea bara letu mawasiliano ya kisasa.

Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kilipitisha barua zake kwenye lango lililokuwa nyumbani kwa Randy Bush, Portland, Oregon. Nairobi, NGONET ilihudumia mashirika yasiyo ya kiserikali kupitia lango la GreenNet, London. Simu moja ilibeba barua za kwenda na za kurudi, lakini aliyelipa ni aliyepiga. Kwa hiyo bei za nchi mbili zikitofautiana, ilifaa apige yule wa nchi ya bei nafuu, hata kama barua nyingi ni za mwenzake.

Hapo ndipo ukubwa wa kifurushi ulipokuwa suala la haki. Picha ya baiti 300,000, ambayo haibaniki zaidi, ingeshika modemu ileile kwa sekunde 1,250, karibu dakika 21. Ni muda wa kurasa kama 300 za maandishi yaliyobanwa, na bili inamwangukia mtu asiyemjua hata mtumaji. Malango yaliyoweka kikomo cha ukubwa wa barua yalikuwa na sababu nzito.

Novemba 1991 Rhodes ilipata laini ya kukodi, ambayo kodi yake hailipwi kwa kila dakika ya mazungumzo. Barua ikaweza kuondoka peke yake bila kungoja nyingine. Ncha ya pili ya laini hiyo ilikuwa palepale Portland, nyumbani kwa Bush.