Kero za Kompyuta na Uchaguzi wa Mfumo Endeshi: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kuwa mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, na ikaitaja mifumo mitatu inayotumika zaidi kwenye kompyuta za mezani na za mpakato, yaani Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya Apple, na Linux katika matoleo yake mengi. Sehemu hii inazitazama kero zinazomkabili mtumiaji kwenye eneokazi, ile skrini ya kwanza yenye aikoni na mafaili yake, na inauliza ni kero zipi zinazotosha kuwa sababu ya kuacha mfumo mmoja na kuhamia mwingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kero nyingi hazitokani na mfumo endeshi hata kidogo, na kwamba anayehama kabla ya kujua chanzo cha kero huhama nayo.

Kero inayolalamikiwa kuliko zote ni uzito wa kompyuta, ambayo huchukua dakika kadhaa kuwaka, hukawia kufungua waraka, na pengine huganda kabisa zinapofunguliwa kurasa chache za intaneti. Mara nyingi mmiliki huipeleka kwa fundi ikapigwe Windows upya, kazi inayofuta kila kitu na kuuweka mfumo ule ule tangu mwanzo, kisha kompyuta huchangamka kwa muda na kurudia hali yake, kwa kuwa chanzo hakikuguswa. Katika kompyuta zenye umri mkubwa, chanzo hicho kwa kawaida ni diski kuu ya kuzunguka, kifaa cha kuhifadhia data chenye sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikihama huku na huko kutafuta data iliyotawanyika. Kichwa hicho kinaweza kufika sehemu mbalimbali za sahani mara mia moja hivi kwa sekunde, ilhali mfumo endeshi wa leo, unapowaka, huhitaji maelfu ya vipande vidogo vya data. Diski ya SSD, ambayo huhifadhi data katika saketi za silikoni na haina sehemu yoyote inayotembea, huweza kujibu makumi ya maelfu ya maombi kama hayo kwa sekunde, na ndiyo maana kompyuta iliyobadilishiwa diski tu huanza kufanya kazi kwa wepesi ambao mwenyewe hakuutarajia, ingawa mfumo wake ni ule ule na prosesa yake ni ile ile.

Kulitambua tatizo hili hakuhitaji utaalamu. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha ni kiasi gani cha prosesa, kumbukumbu na diski kinachotumika. Diski ikionekana kutumika kwa asilimia 100 kwa muda mrefu huku prosesa ikiwa imetulia, basi diski ndiyo inayochelewesha kazi. Kinachojaa kikiwa ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambamo programu zilizofunguliwa hukaa wakati zikitumika, tiba ni kuiongeza, kwa mfano kutoka GB 4 hadi 8, jambo linalowezekana katika kompyuta nyingi ambazo RAM yake haikuchomelewa kwenye ubao mama. Dirisha hilo hilo lina orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, nazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu programu hujiingiza humo zinapowekwa na hazitoki mpaka zitolewe.

Zipo kero nyingine ambazo mfumo hulaumiwa bure. Kompyuta ambayo kila ikiwashwa huonyesha tarehe ya miaka ya nyuma, kisha kivinjari kikakataa kufungua tovuti za benki au barua pepe kwa madai kwamba si salama, kwa kawaida imeishiwa betri ndogo ya ubao mama, ambayo mara nyingi ni ya aina ya CR2032. Betri hiyo huitunza saa wakati umeme umezimwa, na kivinjari kinapolinganisha tarehe yenye makosa na muda wa vyeti vya usalama vya tovuti, huviona vyote kuwa batili. Vivyo hivyo, flashi ambayo mafolda yake yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofungua kitu imeambukizwa kirusi, lakini aghalabu mafaili yenyewe hayajapotea, bali yamefichwa, na yanaweza kurudishwa kwa amri ya attrib baada ya kirusi kuondolewa. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hukimbilia kuifomati flashi na hivyo kufuta wenyewe tasnifu ambayo kirusi hakikuifuta.

Windows nayo ina tabia moja ambayo watumiaji wachache wanaifahamu. Tangu Windows 8, kompyuta inapozimwa kwa njia ya kawaida, kiini cha mfumo hakifungwi kabisa, bali hali yake huhifadhiwa kwenye diski ili uwakaji ujao uwe wa haraka, mpango unaoitwa Fast Startup. Kwa hiyo hitilafu iliyomo katika kiini huhifadhiwa pia, na aliyezima na kuwasha kompyuta mara nyingi bila mafanikio anaweza kuona tatizo likitoweka mara tu anapochagua Restart, ambayo hufunga kila kitu na kuanza upya.

Baada ya kero hizo kuchujwa, hubaki zile ambazo kweli ni za mfumo, na hapa ndipo tofauti ya msingi kati ya mifumo inapodhihirika. Mwaka 2012 Microsoft ilipotoa Windows 8, iliondoa kitufe cha Start ambacho watu walikizoea tangu Windows 95. Kitufe kikarudishwa katika toleo la 8.1 mwaka 2013, na menyu yake kamili ikasubiri hadi Windows 10 mwaka 2015. Katika ulimwengu wa Linux jambo linalofanana na hilo lilitokea mwaka 2011, pale eneokazi la GNOME lilipobadilishwa sana katika toleo lake la tatu. Lakini kwa kuwa programu hizo ni za chanzo huria, maana yake msimbo wake uko wazi na leseni inamruhusu yeyote kuunakili na kuubadili, waliochukizwa walianzisha maeneokazi yao, MATE lililoendeleza sura ya zamani, na Cinnamon la mradi wa Linux Mint, ambayo yote yanatumika hadi leo. Mtumiaji wa Windows alingoja uamuzi wa kampuni. Mtumiaji wa Linux alikuwa na pa kwenda. Uhuru huo huo ndio uliowawezesha wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, bila kusubiri kampuni yoyote ione faida katika lugha hii.

Sababu iliyo nzito kuliko sura ya eneokazi ni usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, yaani yale marekebisho yanayoziba mianya inayogunduliwa na wahalifu wa mtandaoni, na kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha ikatoa nyongeza ya mwaka mmoja hadi Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane kilichoingia sokoni mwaka 2017. Sharti hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa humu ziliwahi kutumika katika ofisi za Ulaya, Marekani na kwingineko, na anayenunua mpakato wa Core i5 hana budi kuuliza ni wa kizazi gani, kwani jina hilo pekee halimwambii chochote.

Mwenye kompyuta isiyokubalika basi anaweza kuitazama Linux, lakini aanze na kazi zake. Mhasibu anayetumia Tally au QuickBooks ya kompyuta amefungwa na Windows, na vilevile msanifu anayetegemea Photoshop, kwa sababu programu hizo hazitolewi kwa ajili ya Linux. Mwalimu, mwandishi, mwanafunzi au karani ambaye kazi yake ni kuandika nyaraka na kuingia mtandaoni anaweza kuhama bila hasara kubwa. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kusogea na makro za Excel zisifanye kazi zote. Badala ya fonti za Calibri na Cambria hutumika Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule, hivyo mistari haivunjiki ovyo. Printa nazo zikaguliwe mapema: HP hutoa programu yake ya Linux iitwayo HPLIP, lakini si kila mtengenezaji anafanya hivyo. Kuhusu macOS hakuna mengi ya kusema, kwa kuwa huja na kompyuta za Apple pekee, na mwenye uwezo wa kuinunua hachagui mfumo tu bali na mashine.

Kwa anayeanza, Linux Mint inapendekezwa, kwa kuwa menyu na upau wake vimekaa mahali ambapo mtumiaji wa Windows amezoea kuvitafuta, nayo inahitaji RAM isiyopungua GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazofaa. Jambo jema ni kwamba inaweza kujaribiwa bila kugusa chochote kwenye diski: faili lake la karibu GB 3 hupakuliwa, huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus, na kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo. Katika jaribio hilo mtumiaji apime Wi-Fi, sauti, printa na mwanga wa skrini, kwa kuwa kinachokataa wakati wa kujaribu huenda kikakataa pia baada ya kuwekwa.

Anayeamua kuweka mifumo miwili katika kompyuta moja ahifadhi kwanza nakala ya kazi zake kwenye diski ya nje, kisha azime Fast Startup, la sivyo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu ya diski ya Windows, ikiiona kuwa bado inatumika. Asishangae pia akiona saa imepotoka kwa saa tatu kila anapotoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwani Windows huisoma saa ya ubao mama kama saa ya hapa nyumbani, ilhali Linux huisoma kama saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa mara moja katika Linux, huilazimisha nayo kutumia saa ya hapa.