Barua ya Askari: Jinsi ya Kusoma Barua Iliyo Ndani ya Hadithi

Kabla ya maelezo yangu, soma barua ifuatayo mara mbili, polepole. Usiitafute katika kitabu kiteule. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi hili. Mwandishi wake ni askari kutoka Likoni aliyeko vitani, na wakati ni mwanzo wa mwaka 1945.

Kwa Mwanaisha binti Omari,

Baada ya salamu, mimi ni mzima, sijui ninyi huko. Tumepewa ruhusa siku kumi na nne. Niko mji mkubwa ulio kando ya mto, na meli zinaingia hadi mjini. Asubuhi nikisikia honi nadhani niko kivukoni. Chakula ni kizuri na wakubwa wetu wanatutunza vyema. Juma hakuja ruhusa pamoja nasi. Mamake akiuliza, mwambie nitakwenda kumwona mwenyewe. Kile kitambaa bado ninacho, ila rangi imetoka kwa mvua. Nisalimie baba na mama, na mjomba Hamisi anayekusomea barua hii. Mengine tutazungumza nikirudi, inshallah.

Ni mimi, Salimu.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu barua hii na kuwauliza: "Thibitisha kwamba Salimu anampenda Mwanaisha." Wengi walijibu kwamba hakuna mapenzi humo, kwa sababu Salimu hajaandika "nakupenda" wala "mpenzi wangu". Wengine waliisimulia barua upya kwa maneno yao: yuko ruhusa, anakula vizuri, anasalimia wazee. Jibu la namna hii ndilo linalowapotezea watahiniwa alama kila mwaka. Msahihishaji ameisoma barua na hahitaji kusimuliwa. Anataka kujua umeona nini ndani yake.

Anza kwa kuuliza: ni nani watakaoisoma? Usijibu haraka kwamba ni Mwanaisha.

Wa kwanza kuisoma si yeye. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, barua za askari zilifunguliwa na kukaguliwa jeshini kabla ya kusafirishwa. Askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo, kikosi chake wala meli iliyombeba. Ndiyo maana Salimu haupi mji wake jina. Lakini tazama anavyouchora: mto, na meli zinazofika hadi katikati ya mji. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopigana Burma walipitia India, na baadhi yao walipumzika Calcutta, mji wa bandari ulio kando ya mto. Mwandishi mzuri hukuachia alama za namna hii ili uzifuate. Na ile sentensi ya chakula na wakubwa? Hiyo ameandikiwa mkaguzi. Ukiinukuu kama ushahidi kwamba maisha ya askari yalikuwa mazuri, utakuwa umefanya alivyotaka mkaguzi ufanye.

Msomaji wa pili ni mjomba Hamisi. Hapa inafaa kuijua pwani ya wakati huo. Wasichana wengi wa Kiislamu walipitia chuoni, wakajifunza herufi za Kiarabu. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858, na ulihifadhiwa kwa hati hiyo. Jeshi, kwa upande wake, lilikuwa na walimu waliowafundisha askari kusoma na kuandika kwa herufi za Kirumi. Basi huenda Salimu amejifunza kuandika hati ambayo mchumba wake hawezi kuisoma. Barua inapita mdomoni mwa mjomba. Wewe ungemwandikia mchumba wako maneno gani, ukijua kwamba mjomba wake ndiye atakayeyatamka mbele ya wazazi? (Nikiuliza swali hili darasani, kicheko huanzia nyuma na kufika mbele.) Ukimya wa Salimu kuhusu mapenzi ni heshima, na heshima hiyo ni sehemu ya mapenzi yenyewe.

Msomaji wa tatu ndiye Mwanaisha, naye amepewa maneno ambayo wengine hawawezi kuyafungua. "Kile kitambaa." Kipi? Mkaguzi hajui, Hamisi hajui. Neno "kile" linatosha kuonyesha kwamba kuna jambo linalojulikana na watu wawili tu. Rangi imetoka kwa mvua: kitambaa kimekaa mwilini mwake siku nyingi za mvua. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana kuteremka bonde la Kabaw, huko Burma, katika majira ya mvua kubwa na matope. Salimu hakutaja vita hata mara moja, lakini kitambaa kimevitaja. Katika jibu lako, kiite kitambaa ishara, kisha ueleze kinaashiria nini. Kutaja jina la mbinu bila maelezo ni nusu ya kazi.

Sasa rudi kwa Juma. "Hakuja ruhusa pamoja nasi." Watahiniwa hupenda kuita kila kitu kinaya, na wengi wataiita hivi pia. Si kinaya. Salimu hasemi kinyume cha hali ilivyo. Anapunguza ukali wa habari nzito, na hiyo ni tasfida. Ushahidi umo katika sentensi inayofuata. Kama Juma angekuwa mzima, mamake angeletewa salamu zake. Badala yake anaahidiwa kutembelewa. Kuna habari ambazo mtu hazipeleki kwa barua ya kusomwa na mjomba wa mtu mwingine.

Mengine hayakuandikwa kwa sababu yalikuwa hatari. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa askari Burma, na ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyokutana Calcutta na mwanajeshi Mweusi wa Marekani, wakazungumza kuhusu uhuru wa watu weusi. Mazungumzo kama hayo yangeandikwaje katika barua ya kupitia kwa mkaguzi? "Mengine tutazungumza nikirudi" ni sentensi fupi, lakini swali zuri la insha linaweza kujengwa juu yake.

Jambo jingine ni wakati. Barua husomwa siku nyingi baada ya kuandikwa, na mwandishi wa hadithi anaweza kulitumia pengo hilo kuleta taharuki: je, aliyeandika "mimi ni mzima" bado ni mzima barua inaposomwa? Watu wa Likoni walilijua pengo hilo, maana meli zinazoingia na kutoka Kilindini hupita mbele ya kivuko chao. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikielekea Colombo. Tarehe 12 ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Aliyesimama ufuoni akiitazama ikitoka hakujua kwamba barua za waliokuwa ndani hazitafika.

Mwisho, kuhusu muktadha. Sentensi ya barua ikitolewa kama dondoo, mtahiniwa hukosea pale anapoandika kwamba msemaji ni Hamisi, kwa sababu katika hadithi Hamisi ndiye anayetamka. Maneno ni ya Salimu. Anayeambiwa ni Mwanaisha. Hamisi anasoma tu, na ni vizuri kumtaja hivyo. Mahali nako kuna pande mbili: barua imeandikwa ugenini na inasomwa nyumbani kwa kina Mwanaisha, Likoni. Ukiandika moja tu, taja ni ipi. Kisha malizia kwa sababu ya maneno hayo kusemwa.

Jaribu mwenyewe, bila kurudi kwenye maelezo haya:

"Mamake akiuliza, mwambie nitakwenda kumwona mwenyewe."

a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
b) Bainisha mbinu moja ya kimtindo iliyotumika na ueleze umuhimu wake. (alama 4)
c) "Kimya cha Salimu kina maneno mengi." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea barua nzima. (alama 12)