Breki mpya, roho mkononi

Dada yangu, kama mumeo ana Land Rover ya zamani, jua una mke mwenza. Mimi wangu alirithi Land Rover 109 Series III kutoka kwa marehemu baba yake, na kila mwisho wa mwezi ile gari inakula kabla ya watoto. Nimezoea. Nilichokataa ni kimoja tu: kwenda nayo Lushoto na watoto watatu wakati breki mpaka uipampu ndiyo ishike.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto ataniunga mkono. Ni zaidi ya kilometa 30 za kona juu ya kona, huku mlima, kule korongo. Kupanda si tatizo. Kushuka ndiyo balaa.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zote na breki za dramu magurudumu manne. Dramu kwenye mteremko mrefu zinapata moto na nguvu inapungua, na ukivuka mto zikaingia maji, utasali mpaka zikauke. Land Rover wenyewe waliweka diski za mbele kwenye One Ten ya mwaka 1983. Kwa hiyo baba watoto aliposema anafunga diski mbele, nilimpa baraka zote, na hela yangu ya mchezo juu.

Gari ikarudi kutoka gereji, diski zinang'aa. Tukazunguka mtaani. Mama yangu! Pedeli ikazama karibu na sakafu. Ukipampu mara mbili inapanda, ukiiacha kidogo inazama tena. Fundi akasema zitazoea. Baba watoto akasema ndivyo zilivyo zikiwa mpya. Mimi nikasema sipandi.

Tukanuniana wiki nzima. Wanaume, jamani! Ukimuuliza habari za gari yake, anasikia umemuuliza habari za uanaume wake. Siku ya nane nikabadili lugha. Nikampelekea chai pale uvunguni, nikamwambia, "Baba, hebu nifundishe hii kitu inavyofanya kazi." Akatoka anatabasamu, mikono myeusi tii. Na katika kunieleza ndipo akaanza kujisikia anachosema.

Mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea. Pedeli inayopanda kwa kupampu, ama kuna upepo ndani, ama kuna nafasi mahali inayojazwa kwanza ndipo breki ishike. Tukaanza na rahisi, yaani breki za nyuma, ambazo bado ni dramu. Series hazijirekebishi zenyewe, lazima uzungushe kwa spana, na fundi hakuzigusa. Akakaza mpaka gurudumu likagoma, akalegeza kidogo lizunguke huru. Pedeli ikapanda, lakini bado ilikuwa laini kama sponji.

Ndipo mimi nisiyejua kitu nikauliza, "Mbona hii nipeli ya kutolea upepo imeangalia chini?"

Kimya.

Upepo si unapanda juu? Fundi alifunga kalipa ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Zinakaa vizuri tu, bolti zote zinaingia, ila nipeli inakuwa chini na upepo unajificha juu yake. Utatoa upepo mpaka Idd. Tukazibadilisha, tukaanza upya, yeye chini na spana, mimi kwenye pedeli. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Kazi yangu nyingine ilikuwa kuangalia mafuta kwenye masta yasiishe, maana yakiisha upepo unaingia tena. Jamani, tulicheka siku ile kuliko mwaka mzima.

Pedeli ikawa ngumu. Lakini baada ya mzunguko mfupi magurudumu ya mbele yakanuka moto. Kumbe masta ilibaki ile ile ya dramu. Masta nyingi za dramu zina vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba. Shuu za dramu zina springi za kuzirudisha, lakini pedi za diski hazina, kwa hiyo presha hiyo ndogo inatosha kuziacha zikisugua njia nzima. Tena diski zinataka nguvu zaidi ya mguu, kwa sababu dramu zenyewe zinajisaidia kubana zikishazunguka. Akatafuta masta na servo za gari yenye diski mbele. Hela ya nguo za sikukuu ikaenda. Safari hii sikusema kitu.

Watoto tuliwatanguliza kwa basi na shangazi yao, gari tukaenda nayo sisi wawili. Siku moja kabla ya kurudi, tukashuka nayo wenyewe hadi Soni, gia ya pili, mguu wangu unakanyaga sakafu kila kona kana kwamba na mimi nina pedeli. Soni akasimama, akazunguka gari akisogeza kiganja karibu na kila rimu. Diski hakugusa, ukigusa inakuunguza. Magurudumu yote manne yalikuwa na uvuguvugu tu.

Akaniangalia. "Unasemaje?"

"Geuza," nikamwambia, "tukawachukue watoto."