Sabuni ya Nyumbani Isigeuke Sumu ya Nyumbani

Ilisalia kidogo tu tuangue kilio mwezi uliopita. Nilikuwa nimemtembelea dada yangu huko Likoni, Mombasa, nikamkuta uani akikoroga sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, biashara inayomlipia wanawe karo. Mpwa wangu wa miaka mitatu aliokota chupa ya soda iliyokuwa kando ya karai, akaielekeza kinywani. Mamake aliruka akampokonya. Haikuwa soda ya kunywa, bali kostiki iliyoyeyushwa katika maji.

Siyasemi haya kwa nia ya kuibeza kazi hiyo. La hasha! Gharama ya maisha imepanda, na mama anayejitengenezea sabuni kisha akawauzia majirani anastahili pongezi. Tena si jambo geni. Nyanya zetu walisugua sufuria kwa jivu na makumbi ya nazi, masizi yakang'oka. Jivu la kuni lina alikali, ambayo ikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni.

Hata hivyo, kostiki si jivu. Huunguza midomo, ulimi na umio mara tu inapogusa, na hata jeraha likipona, kovu lake laweza kuziba njia ya chakula. Mtoto wa aina hiyo huenda akahangaika hospitalini kwa miaka.

Kazi ya kostiki katika sabuni hii ni kuituliza asidi ya salfoniki, ambayo ndiyo hung'oa mafuta. Ungerol huzidisha povu, nayo chumvi huipa sabuni uzito, ingawa ikipita kiasi huirudisha kuwa nyepesi kama maji. Kostiki ikizidi, mikono ya muoshaji huchubuka. Kipande cha karatasi ya litmasi chatosha kumwonyesha mtengenezaji iwapo ameupata usawa. Asiyepima anamuuzia jirani kitu asichokijua.

Basi nawasihi wanaofanya kazi hii wayashike machache. Kostiki itiwe ndani ya maji kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwani huchemka na kuruka. Mikono ivishwe glavu, macho yakingwe. Dawa ya kung'arisha nguo isichanganywe na siki wala ndimu, kwa maana hutoa hewa ya klorini inayodhuru mapafu. Na mtoto akinywa kostiki, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa itaunguza tena ikirudi. Asukutuliwe kinywa na kukimbizwa hospitalini.

Lawama nyingine nawatupia wauza kemikali. Dada yangu alifungiwa kostiki katika mfuko mtupu, usio na jina wala onyo. Je, ni gharama gani kubandika karatasi yenye neno moja tu, SUMU? Serikali za kaunti, zinazotoa leseni za biashara, zilifanye hilo kuwa sharti.

Kostiki ya dada yangu sasa imo katika mtungi wenye maandishi mekundu, ndani ya kabati lenye kufuli. Msomaji, kabla hujaingia jikoni kesho, chungulia chini ya sinki lako. Ukiikuta chupa ya kinywaji isiyo na kinywaji, iondoe leo. Tahadhari kabla ya hatari.