Mfuko Nyuma ya Mlango

 

Leo twataka kuzungumza habari ya mfuko. Pengine mtu atauliza, je, mfuko ni jambo la kuhubiriwa? Hebu tukumbuke ule mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia wakalala. Hata wale wenye busara hawakukesha. Tofauti yao ilikuwa chombo kidogo cha mafuta, ambacho watano walikijaza mchana, wakati maduka yalipokuwa wazi. Kelele zilipopigwa usiku wa manane, hakuna aliyeweza kumgawia mwenzake.

Basi tuangalie nchi yetu. Tunajua majira yake: mvua ya masika huja kati ya Machi na Mei, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wazee wetu hawajasahau mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, katika Nakuru, likaua watu zaidi ya 40. Mnamo Novemba 2019 milima ya Pokot Magharibi iliporomoka, ikafunika nyumba za watu. Na tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalishuka kwa nguvu yakachukua makumi ya watu pamoja na nyumba zao.

Ndugu zangu, angalieni saa ya mambo hayo. Solai ilikuwa usiku. Pokot Magharibi ilikuwa usiku. Mai Mahiu ilikuwa kabla ya mapambazuko. Nao moto katika mitaa yenye nyumba zilizosongamana mara nyingi huzuka watu wakiwa wamelala. Hii ndiyo sababu twasema juu ya mfuko. Katika giza, mtu hana nafasi ya kutafuta kitambulisho chini ya godoro, wala kufikiri dawa ya mama iko wapi. Wengi waliokwisha kutoka salama hupotea kwa kurudi ndani kuchukua kitu kimoja tu. Mfuko ulio tayari humwondolea mtu sababu ya kurudi.

Je, yatupasa kuweka nini? Tugawe vitu vyetu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mfuko wa kukimbia nao, ambao mtu mmoja aweza kuubeba huku akimshika mtoto mkono. Fungu la pili ni akiba ya kukaa nayo nyumbani, ikiwa nyumba ni salama lakini barabara imekatika, daraja limekwenda, na soko halifikiki. Akiba hiyo yafaa itoshe siku tatu, kwa maana msaada huchukua muda kufika mahali ambapo gari haliwezi kupita.

Tuanze na maji. Mafuriko huleta maji kila mahali, na hayo hayanyweki, maana yamepita vyooni na makaburini. Mtu mmoja ahitaji kama lita 4 kwa siku, za kunywa na za kupikia kidogo. Jamaa ya watu 5 kwa siku 3 itahitaji lita 60, yaani jerikeni tatu za lita 20. Tumia jerikeni iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ukiiosha vizuri kwa sabuni. Lakini iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya shamba, usiitumie kamwe kwa maji ya kunywa. Ifunike, iweke mahali pasipo na jua, na kila miezi sita uyabadilishe maji yake. Maji ya zamani hayapotei bure. Yafulie nguo au umwagilie sukuma wiki.

Maji yakiisha, itakubidi kutengeneza mengine. Yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Huko Bangladesh watafiti walionyesha, mwaka 2003, kwamba akina mama waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu karibu nusu katika vijiji vyao. Leso kuukuu yaweza kufanya kazi kama hiyo. Lakini nusu si yote. Baada ya kuchuja, chemsha. Maji yakitokota kweli kweli kwa dakika moja yatosha. Kwa ndugu wa nchi za juu kama Limuru na Kinangop, acheni yatokote dakika tatu, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto sawasawa. Pasipo kuni wala makaa, tia dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, ungoje nusu saa ndipo unywe. Chupa ndogo ya dawa hiyo ni nyepesi. Iwe ndani ya mfuko.

Pili, chakula. Katika akiba ya nyumbani weka gorogoro moja au mbili za unga, maharagwe, chumvi na sukari, juu ya rafu na si sakafuni. Lakini katika mfuko weka kile kisichohitaji moto: njugu karanga zilizokaangwa, biskuti, tende. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Hakuna chakula cha dharura kinachopita maziwa ya mama yake.

Tatu, afya. Baada ya mafuriko kuhara huja upesi, nako humkausha mtoto mdogo kwa saa chache tu. Kwa hiyo weka sukari kidogo, chumvi kidogo, na kijiko cha chai. Kipimo ni hiki, nanyi mlio na kalamu andikeni: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Msizidishe chumvi, maana yaweza kumdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara, na yaliyobaki baada ya siku moja yamwage. Tena mpeleke zahanati mara iwezekanapo.

Ongeza kipande cha sabuni, vitambaa safi vya kufungia jeraha, pini, wembe mpya, dawa ya maumivu, na pedi za akina mama na wasichana. Jeraha linalotoka damu, likandamize kwa kitambaa safi bila kuachilia mpaka damu ikome. Na yule anayekunywa dawa kila siku, ya presha, ya sukari, ya kifafa au ya ukimwi, awe na ya juma zima mfukoni. Asinunue mpya ili aiweke. Achukue kutoka zile alizopewa kliniki, na kila akipata nyingine aweke mpya na kumeza ile ya zamani, isije ikaharibika. Dawa inayotaka ubaridi, kama insulini, haiwekwi mfukoni. Iandike katika karatasi ya mambo ya kuchukua dakika ya mwisho.

Nne, karatasi. Kitambulisho kikipotea, mtu hutaabika miezi mingi. Piga nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya shule na hati ya shamba. Zamani tungesema zitieni katika karatasi ya nailoni, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Hakuna hasara. Mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili wenye kifuniko, ukioshwa na kukaushwa huhifadhi karatasi vizuri zaidi, hata ukianguka majini. Humo humo andika kwa mkono namba za simu za jamaa zako. Siku hizi namba zote tumeziacha ndani ya simu, na simu ikizimika hatujui hata namba ya mume wala ya mke. Andika pia 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Weka na noti chache ndogo ndogo, maana pesa za simu hazitoki pasipo mtandao wala pasipo chaji.

Tano, taa na habari. Tochi ndogo au taa ya jua yafaa kuliko mshumaa, kwa kuwa mshumaa umeteketeza nyumba nyingi. Betri zikae nje ya tochi, zisije zikavuja na kuila. Redio ndogo ya betri itawaletea matangazo ya Idara ya Hali ya Hewa hata umeme ukikatika. Ongeza filimbi, mtu aliyefunikwa na ukuta huchoka kupiga kelele, lakini filimbi yahitaji pumzi kidogo tu.

Mwisho, viatu na leso. Wana wa Israeli usiku wa Pasaka waliambiwa wale wakiwa wamevaa viatu, tayari kwa safari. Baada ya maafa, chini hujaa misumari, mabati na chupa zilizovunjika, na kidonda cha mguu ndani ya maji machafu ni hatari. Kila mmoja aweke viatu vyake pale pale alalapo. Na leso mbili ziwe mfukoni: humbeba mtoto, hufunga mkono uliovunjika, huchuja maji, hufunika usiku, hata huwa pazia la kujisitiri katika kambi.

Sasa twasikia ndugu mmoja akisema, "Haya ni ya matajiri, mimi chakula cha leo chanishinda." Ndugu, hatukudharau. Lakini tazama tena orodha yetu. Leso unazo. Mkebe unao. Kijiko, chumvi, sabuni, kitambaa, jerikeni: vingi vimo nyumbani tayari, ila vimetawanyika. Mfuko wenyewe waweza kuwa ule wa shule uliokatika kamba, ukishonwa. Kazi ya kwanza ni kukusanya. Vilivyobaki vinunuliwe kimoja kimoja: juma hili betri, juma lijalo dawa ya maji, juma la tatu nakala za karatasi. Haba na haba hujaza kibaba. Akina mama wenye chama waweza kukubaliana kwamba kila zamu, kabla fedha hazijatumika, mwenye kupokea anunue kitu kimoja cha mfuko wake.

Mwingine atasema, "Kujiandaa hivi si kukosa imani? Bwana atatulinda." Naam, Bwana hulinda. Lakini Yusufu alifunuliwa na Mungu mwenyewe habari za njaa, na hakukaa akingojea. Aliweka moja ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Nuhu aliamini, na imani yake ilionekana katika mbao na lami. Atumainiye Mungu hujiandaa kwa utulivu, pasipo hofu.

Lakini mfuko hauna faida usipojulikana. Utundike msumarini nyuma ya mlango, mtoto mkubwa aujue kwa kuupapasa gizani. Kubalianeni mtakutana wapi mkitengana: kwa kanisa lililo juu, au kwa shule, si bondeni. Na wakati wa kukimbia, msijaribu kuvuka maji yaendayo kasi. Kina cha sentimita 15 tu chaweza kumwangusha mtu mzima, na maji ya magotini huweza kusukuma gari. Mkiambiwa hameni, hameni mchana, ingawa jua lingali linawaka. Mifuko iko tayari, mnangoja nini?

Tena tusimsahau jirani. Wanawali wale hawakuweza kugawana mafuta usiku, lakini mchana wangeweza kukumbushana. Yuko bibi kizee aishiye peke yake karibu nawe. Yuko ndugu asiyeona, au asiyeweza kutembea. Jumapili hii baada ya ibada, mpitie mmoja wao. Uulize dawa zake ziko wapi. Mtundikie mfuko wake. Kubalianeni ni nani atakayemshika mkono siku ile.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwonya Nuhu kabla ya mvua, utupe sisi nasi masikio ya kusikia mapema. Utubarikie vitu vidogo tunavyoweka akiba. Walinde wanaolala kando ya mito na chini ya milima usiku huu, na utufundishe kuwa walinzi wa jirani zetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.