DUBAI NILIVYOIONA MIMI

Mdogo wangu anayeishi hapa kambini ameniomba niwaeleze habari za Dubai, maana vijana wengi wanaiulizia. Mimi ni mama wa biashara, natoka Uvira. Nilikwenda huko siku sita kununua vitambaa.

Kweli, mji ule unashangaza. Kuna jumba la Burj Khalifa, lililofunguliwa mwaka 2010, lina urefu wa mita 828. Nililitazama mpaka shingo ikauma! Treni ya mjini inakwenda bila dereva. Maji ya bombani yanatoka baharini, wanayaondoa chumvi kiwandani. Na zamani, kabla mafuta hayajagunduliwa mwaka 1966, palikuwa mji mdogo wa wavuvi, wazamia lulu na wachuuzi.

Mimi nilipapenda zaidi Deira, kwenye masoko ya zamani. Pale unavuka hori kwa mashua ya mbao iitwayo abra, kwa dirham moja tu. Dola moja ni karibu dirham 3.67. Ndani ya mashua tulibanana na Wahindi, Wapakistani na Wafilipino. Kumbe katika nchi ile karibu watu 9 kati ya 10 ni wageni! Ndio wanaojenga, wanaofagia, wanaopika. Kiangazi joto linapita digrii 40, hata serikali inakataza kazi za juani saa 6:30 mchana hadi saa 9:00, tangu Juni 15 hadi Septemba 15.

Sokoni nilikutana na msichana wa kwetu, ametumwa mboga, analia. Aliahidiwa kazi ya duka. Alipofika akapewa kazi za nyumbani na pasipoti ikachukuliwa. Mama yake aliuza shamba kulipa safari ile. Roho inaniuma mpaka leo.

Basi wazazi, mtu akiwaletea habari ya kazi ya Dubai, mumuulize: Mkataba uko wapi? Viza ni ya kazi au ya matembezi? Ya matembezi hairuhusu kazi. Kwa sheria ya kule, mwajiri hana ruhusa kushika pasipoti ya mfanyakazi, wala kumtoza gharama za kumwajiri. Tena nchi ile haimo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Ukikwama kule, usitegemee kupokewa kama mkimbizi.

Zungumzeni jambo hili nyumbani jioni ya leo, kabla hamjatoa pesa.