Kilimambogo: Kwa nini picha ya mpanda mlima yahitaji daftari

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akishapita Ruiru na Juja, huona upande wake wa kulia mlima mmoja ulioketi peke yake katikati ya uwanda. Huo ndio Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Kilele chake kiko mita 2,145 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Thika au Ruiru anaweza kuupanda asubuhi na kurejea kwake kabla ya giza kuingia.

Wengi wanaoupanda siku za mwisho wa juma hurudi na mamia ya picha, na baadhi yao huzihifadhi katika tovuti zao za kibinafsi ili wengine wazione. Mara nyingi picha hizo hutazamwa siku mbili tatu kisha zikasahauliwa. Hata hivyo, zikitunzwa ipasavyo zinaweza kuwa kumbukumbu ya nchi inayobadilika kwa kasi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na picha nazo ni mali.

Mlima wenye majina matatu

Ol Donyo Sabuk ni jina la Kimaasai, lenye maana ya mlima mkubwa. Kilimambogo ni kilima cha mbogo, yaani nyati, ambao wangali wakiishi humo. Wakikuyu nao waliuita Kia-Njahi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliutaja miongoni mwa milima inayohesabiwa kuwa makao ya Mungu, akaeleza kuwa maana ya jina hilo ni mlima wa mvua kubwa.

Mlima huo ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ingawa mji wa karibu unaofahamika zaidi ni Thika, ulio katika Kaunti ya Kiambu, mbuga yenyewe imo Kaunti ya Machakos. Anayetoka Thika hufuata barabara ya Garissa, kisha hukunja kulia kuelekea kituo cha biashara cha Donyo Sabuk. Kutoka lango la mbuga hadi kileleni ni karibu kilomita 9, na mpandaji huinuka mita 600 hivi.

Kamera zilizotangulia

Kwa muda mrefu, sura ya nchi hii iliufikia ulimwengu kupitia macho ya wageni. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikaribishwa katika shamba la Juja na Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan. Mwanawe, Kermit, alibeba kamera, na picha zake nyingi zilitumiwa katika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1910. Wawindaji na wanyama waliouawa ndio waliochukua nafasi kubwa katika picha hizo.

McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mteremko wa Ol Donyo Sabuk. Inasimuliwa kuwa alikusudiwa kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa kuumaliza mlima. Kaburi lake, pamoja na la mkewe Lucie, lingali likitembelewa na wapandaji wanaopumzika hapo kabla ya kumaliza safari.

Baadaye Elspeth Huxley aliandika juu ya utoto wake Thika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni nchini Uingereza. Katika kazi zote hizo, mwenyeji aliyelima, aliyebeba mizigo na aliyeonyesha njia hakuwa msimuliaji. Mpanda mlima wa leo mwenye simu yenye kamera anayo nafasi ambayo babu yake hakuipata.

Nchi inayobadilika

Kutoka juu ya mlima, asubuhi isiyo na mawingu, mtu huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini na hata Kilimanjaro upande wa kusini. Lakini mabadiliko makubwa zaidi yako karibu, upande wa magharibi, zilipo Thika na Ruiru.

Ruiru ilijulikana kwa kahawa. Ndiko kilikozalishwa kituoni cha utafiti aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu ya uwezo wake wa kustahimili magonjwa. Leo sehemu kubwa ya mashamba imegeuka mitaa. Mradi wa Tatu City pekee umechukua ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa za kahawa. Sensa ya mwaka 2009 iliihesabia Ruiru wakazi zaidi ya 238,000, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliharakisha mwendo huo.

Maji nayo yana habari yake. Mito ya Thika na Chania, yenye maporomoko yake mjini Thika, huenda Tana na kufikia bahari karibu na Kipini. Maji ya Ruiru na Nairobi huingia Athi, hupita Maporomoko ya Kumi na Manne chini ya Kilimambogo, na hatimaye kufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo uchafu unaotupwa mitoni jijini huonekana hapo kwenye maporomoko, kwa povu na chupa za plastiki. Picha za mahali hapo hapo, zilizopigwa kila mwaka kwa mwezi ule ule, zingeonyesha bila ubishi iwapo hali inatengenea au inazidi kuharibika.

Namna ya kuweka daftari

Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Picha na ramani za msafara wa Halford Mackinder uliofika Mlima Kenya mwaka 1899 zimesaidia kujua kiasi ambacho barafu ya Lewis imepungua. Zilifaa kwa kuwa tarehe na mahali zilikopigwa vilijulikana.

Mpandaji wa kawaida anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mambo machache. Kwanza, aandike tarehe, saa, mahali aliposimama na upande aliotazama. Pili, achague alama isiyohama, kama mwamba au kaburi la McMillan, ili siku nyingine asimame pale pale. Tatu, atunze faili ya awali bila kuipunguza, kwani ndani yake huwamo saa na, simu ikiruhusiwa, vipimo vya mahali. Mitandao mingi ya kijamii huviondoa vipimo hivyo picha inapopandishwa. Nne, aweke nakala zaidi ya moja, kwa sababu tovuti isiyolipiwa hufungwa na simu huibiwa.

Hata hivyo, si kila kitu kifaacho kutangazwa. Vipimo vya nyumbani kwa mtu, au vya kiota cha ndege adimu, ni heri vifichwe. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa zozote zinazomtambulisha mtu kuwa data yake ya kibinafsi, na sura yake ni mojawapo. Mama anayechuma kahawa au mvuvi aliye kando ya Athi anastahili kuombwa ruhusa kwanza, na kuambiwa picha itawekwa wapi.

Nyati si mapambo

Mlima haukupewa jina la mbogo bure. Msitu wake ni mnene, na nyati dume aliyejitenga na kundi huweza kushambulia bila kutoa ishara. Ndiyo maana wapandaji kwa miguu hutakiwa kuandamana na askari wa wanyamapori. Anayeachana na wenzake ili kutafuta picha nzuri zaidi huhatarisha maisha yake na ya askari atakayetumwa kumtafuta. Ni vyema pia kuanza safari mapema, kubeba maji ya kutosha, na kuepuka miezi ya mvua kuanzia Machi hadi Mei, wakati njia huteleza na mawingu hufunika kilele. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo aghalabu anga huwa safi.

Shamba la kahawa likishang'olewa halipigwi picha tena. Kijana wa Ruiru atakayetaka, miaka 30 ijayo, kujua mahali alipozaliwa palikuwaje, atalitafuta jibu katika picha zinazopigwa sasa. Atalipata tu iwapo aliyezipiga aliandika ni wapi na ni lini.